Mana ya Leo: Kumtumainia Mungu Siku kwa Siku

Sura ya 16 ya Kitabu cha Kutoka yasimulia jinsi Waisraeli walivyolishwa jangwani. Kila asubuhi waliokota mana, pishi moja kwa kila mtu, na Musa aliwakataza kubakiza hata kidogo hadi kesho yake. Wapo waliobakiza, kulipokucha wakakuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita tu ndipo waliokota pishi mbili kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza.

Haina maana kwamba mkulima anayeweka mahindi ghalani amepungukiwa imani. Yusufu naye alihifadhi nafaka ya Misri kwa hekima aliyojaliwa na Mungu. Hatari ni moyo kuhamia ghalani, kama ulivyohamia wa yule tajiri wa Luka 12. Tumaini lenyewe, hata hivyo, haliwekwi akiba: la jana halitoshi leo.

Katekisimu yafundisha kwamba fadhila ni tabia iliyokita ndani ya mtu (KKK 1803). Matumaini ni fadhila ya kimungu; tumeyapokea bure katika Ubatizo, nayo hukua kwa kutumiwa. Hapa wengi wetu hukwama. Mwaka mzima sala ni ya Dominika tu. Siku mtoto anapougua na homa isishuke, twagundua kuwa hatujui tumwambie Mungu nini, na jirani mwenye nia njema atuelekeza kwa mpiga ramli. Kanisa lakataza ramli waziwazi (KKK 2116), lakini katazo peke yake halimtulizi mzazi usiku wa manane. Humsaidia zaidi mazoea ya kumkabidhi Mungu mambo madogo. Wala kumtumainia Mungu si kuacha hospitali: Yoshua bin Sira, sura ya 38, aagiza kusali na kumpa tabibu nafasi yake.

Basi asubuhi, kabla ya kushika simu, mtolee Mungu siku yako pamoja na jambo moja linalokutia hofu, ukilitaja wazi: ada ya shule, mvua iliyochelewa, majibu ya vipimo. Kusema “shida zangu zote” ni rahisi mno, na mara nyingi ni njia ya kutomkabidhi lolote.

Kwa jioni sina shauri bora kuliko Sala ya Usiku katika Liturujia ya Vipindi, ambayo walei nao wanaalikwa kuisali. Karibu kila usiku wa mwaka kiitikio chake kifupi huchukua maneno ya Zaburi ya 31, ya kuiweka roho mikononi mwa Bwana. Ndiyo maneno aliyoyasema Yesu msalabani (Lk 23:46). Hakuyatunga saa ile; yalikuwa sala ya taifa lake tangu kale, nayo yalikuwa tayari kinywani mwake. Kiitikio hicho huchukua chini ya dakika moja, na mtoto wa darasa la kwanza aweza kukijua kwa moyo kabla ya wiki kwisha.