Jalala la Tabata Mahakamani

Nisikiapo watu wakijadili haki ya kuishi, mimi hukumbuka jalala. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka Tabata na kuzichoma papo hapo. Moshi, uvundo na nzi vikaingia majumbani. Joseph Kessy na wakazi wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Jiji liliamriwa liache kutupa taka pale, litafute mahali pasipodhuru watu.

Jiji likaomba muda. Ulipokwisha, likaomba mwingine. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaitaja ibara ya 14 ya Katiba. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na zilikuwa zimeanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988 tu. Kwangu mimi, ujasiri wake uko hapo.

Lakini taka za jiji hazikomi kwa hukumu. Magari yakageuza njia kuelekea Kunduchi Mtongani. Huko nako mamia ya wakazi walishtaki mwaka huo huo wa 1991, wakashinda vilevile. Zikapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu. Vingunguti nako, bila shaka, walikuwapo watu.