Manda, mlango wa Lamu: Maarifa ya wahudumu wa afya ndiyo ngao ya kwanza dhidi ya mlipuko

MSAFIRI anayekwenda Lamu kwa ndege hatui katika kisiwa cha Lamu. Hutua katika kisiwa jirani cha Manda, kisha huvuka mkondo wa bahari kwa boti kwa dakika chache hadi mji wa kale, ambako ndiko iliko Hospitali ya King Fahd, tegemeo la wakazi wa visiwa hivyo.

Kwa sababu hiyo, Manda ni mlango wa wageni na pia waweza kuwa mlango wa maradhi. Aidha, mkazi wa Manda Maweni, kijiji cha wachimbaji wa mawe ya matumbawe, anapohitaji kulazwa hospitalini, hana budi kutafutiwa chombo cha kuvukia kwanza.

Mipango ya kukabiliana na milipuko huandikwa maofisini. Wanaoitekeleza ni muuguzi wa zamu, afisa wa kliniki, mpimaji wa maabara na mfagizi wa wodi. Je, wao huwa wanaijua mipango hiyo, na huwa na imani nayo? Historia ya Lamu yenyewe inaonyesha uzito wa swali hilo.

Homa ya mwaka 2004

Katikati ya mwaka 2004, homa iliyoandamana na maumivu makali ya viungo ilizuka kisiwani Lamu. Dalili zake za mwanzo zilishabihiana na za malaria, ugonjwa uliozoeleka mno Pwani. Ni vipimo vya maabara vilivyobainisha kwamba ulikuwa ugonjwa wa chikungunya.

Jina hilo ni la Kimakonde na huashiria mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952.

Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye mwaka huo wa 2004 ulikadiria kwamba asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa cha Lamu walikuwa wameambukizwa, yaani watu wapatao 13,500. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 uliingia Komoro na kuendelea hadi kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya wakazi waliugua kufikia mwaka 2006.

Wataalamu walihusisha mlipuko wa Lamu na ukame. Maji yalipoadimika, watu waliyahifadhi majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye huuma mchana, akazaliana humo. Hali hiyo haina budi kuitia wasiwasi Manda, kisiwa kisicho na maji matamu ya kutosha, ambacho wakazi wake hutegemea maji ya mvua yanayohifadhiwa kwenye jabia na matangi.

Hapa ndipo maarifa ya mhudumu yanapoleta tofauti. Asiyeijua historia hiyo atamwuliza mgonjwa wa homa kama hulala ndani ya chandarua, ampe dawa ya malaria na kumwaga. Aijuaye ataongeza swali la pili: nyumbani maji mnayahifadhi vipi?

Korona na kilio cha wahudumu

Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha korona Machi 13, 2020. Safari za ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa mwezi huo huo, na marufuku ya kutotoka nje usiku ikaanza Machi 27. Safari za ndani za ndege ziliruhusiwa tena Julai 15, na za kimataifa Agosti 1.

Wakati huo huduma za hospitali zilikuwa mikononi mwa serikali za kaunti, zilizokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2013. Wahudumu kote nchini walilalamikia uhaba wa vifaa vya kujikinga, ukosefu wa bima kamili ya matibabu na upungufu wa wafanyakazi. Wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma kuanzia Desemba 7, 2020. Madaktari waliwafuata Desemba 21, nao wakasitisha mgomo wao siku tatu baadaye.

Madai yao hayakuwa ya anasa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walifariki duniani kote kutokana na korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Chanjo za kwanza zilipowasili Kenya Machi 3, 2021, wahudumu walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele.

Funzo kutoka Gulu

Kwamba hospitali yaweza kusimama au kuanguka kwa kutegemea maoni ya wafanyakazi wake, lilidhihirika katika nchi jirani ya Uganda mwaka 2000. Ebola ilipozuka Gulu, Dkt Matthew Lukwiya wa Hospitali ya St Mary's Lacor aliusoma mwelekeo wa vifo, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Hata hivyo, wauguzi walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, wenzao walikataa kuendelea na kazi. Lukwiya hakuwatisha. Alikaa nao, akawasikiliza kwa saa nyingi, akawaahidi kwamba yeye mwenyewe hangeondoka wodini. Walirejea kazini. Naye aliambukizwa na kufariki Desemba 5, 2000. Mlipuko huo uliwapata watu 425 na kuua 224 kati yao, na kwa wakati huo ndio uliokuwa mkubwa zaidi wa Ebola kuwahi kurekodiwa.

WHO ilitangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Ndege zingali zikitua Manda, na boti zingali zikivusha abiria na wagonjwa. Kwa hospitali ya visiwani, maandalizi ya mlipuko ujao yanaanzia kwa maswali machache ambayo kila mfanyakazi apaswa kuweza kuyajibu: mgonjwa anayeshukiwa atatengwa wapi, nani apigiwe simu usiku, sampuli itavushwa kwa chombo gani, na vazi la kujikinga huvuliwa vipi bila kujiambukiza.

Mfanyakazi asipoweza kuyajibu, kosa si lake peke yake. Huenda hakuna aliyewahi kumfunza, wala kumwuliza anauonaje mpango wenyewe.