Jiwe la Bismarck halianguki, kwa nini?

Wadau, kila nikitoka Buswelu kwenda mjini huwa naangalia mawe yaliyokaa juu ya mawe, na nyumba za watu chini yake. Maarufu kuliko yote ni lile la ziwani, ambalo Wajerumani walilipa jina la Bismarck, kansela wao aliyeondoka madarakani mwaka 1890. Waingereza wakautwaa mji Julai 1916. Jina likabaki, na jiwe nalo halikutikisika.

Newton aliandika mwaka 1687 kwamba ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma. Jiwe la juu linalikandamiza la chini, na la chini linalisukuma la juu, kwa pembe mraba kutoka kwenye uso wake. Sekondari tulikariri hiyo kwa Kiingereza, tukafaulu, wala hatukuelewa (msibishe!).

Shughuli ipo kwenye mteremko. Chukua jiwe la tani 1, lenye uzito wa nyutoni 9,800. Likikaa kwenye mwinamo wa digrii 30, uso unalisukuma kwa nyutoni kama 8,500 tu, tena kwa kuegemea upande. Lisiporomoke, msuguano lazima uzuie nyutoni 4,900.

Sasa mtu anachimba chini ya jabali apate msingi wa chumba cha kupangisha. Anapunguza pale jiwe lilipoegemea, halafu mvua inalainisha udongo uliobaki. Lile la Bismarck chini yake kuna maji. Haya ya milimani, chini yake watu wamelala.