Watu 12 wa London na kesi ya Kimbangu

Ndugu na dada wasomi, kwetu huku neno « juri » linatisha: ni wale maprofesa wanaofunga mlango kwa deliberasio, sisi tunasubiri nje kujua nani amepita na nani anarudilia mwaka. Leo nazungumzia juri ingine, ile ya tribinali: raia 12 wa kawaida, si mahakimu, si wakubwa wa serikali, wanaosikiliza kesi na kusema kama mtu ana kosa ao hapana. Miye ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mihogo na udongo, lakini hii historia imenishika.

Twende London, mwaka 1670. Sheria ilikataza watu kukusanyika kusali nje ya Kanisa la serikali. William Penn, kijana wa miaka 25 wa kikundi cha Waquaker, alikuta nyumba yao ya sala imefungwa na askari. Basi akahubiri palepale nje, kwenye barabara ya Gracechurch. Akashitakiwa pamoja na William Mead, eti wamefanya mkusanyiko wa fujo.

Juri ikatoka na jibu la ajabu: Penn ana kosa la kusema kwenye barabara ya Gracechurch. Kusema tu! Wakubwa wa tribinali wakakasirika, wakawafungia wale 12 usiku mbili bila chakula, bila maji, bila moto, hata tumbako, mpaka walete jibu linalotakiwa. Waliporudi, jibu likawa kali zaidi: hana kosa lolote. Hapo kila mmoja akatozwa faini. Edward Bushell na wenzake watatu wakakataa kulipa, wakatupwa katika gereza la Newgate. Bushell akapeleka shauri juu, na hakimu mkuu John Vaughan akakata neno: mtu wa juri haazibiwi kwa sababu ya jibu alilotoa.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya Ubelgiji ya 1831 iliagiza makosa makubwa ya jinai, ya siasa na ya magazeti yahukumiwe mbele ya juri. Lakini Wabelgiji walipotawala Kongo, ile haki waliiacha kwao. Oktoba 1921, Simon Kimbangu alihukumiwa Thysville, leo Mbanza-Ngungu, na tribinali ya kijeshi, bila avoka. Yeye pia, kama Penn, alikuwa amehubiri na watu wakamfuata. Hukumu ikawa kifo. Mfalme Albert akaigeuza kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka 1951. Miaka 30! Hebu fikiri wakulima 12 wa Nkamba wameketi pale Thysville na kuulizwa: huyu mtu amefanya fujo gani?

Sisemi juri ni malaika. Mississippi, 1955, wanaume 12, wote weupe, waliwaachilia watu wawili walioshitakiwa kumuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14. Hata saa mbili hazikupita. Miezi michache baadaye wale wawili wakakiri wenyewe kwenye gazeti. Sisi tukiweka 12 wa kabila moja, tutavuna hayo hayo.

Lakini tusijidanganye, mtaani watu wanahukumu tayari. Mwizi anapigiwa kelele, tairi, petroli, dakika kumi imekwisha. Kesho yake kila mtu anasema « miye sikuwako ». Bushell aliapa, akasikiliza pande mbili, akatoa jibu kwa jina lake, akalala gerezani kwa ajili yake. Umati wetu haujawahi kufanya hata moja ya hayo.

Sheria yetu inakubali wazee wanaojua desturi waketi pamoja na hakimu wa tribinali ya amani, kwa kesi za desturi. Mabishano ya mashamba ninayokuta kazini, mengi ni ya namna hiyo. Nyinyi wa droit, nauliza: kwa nini tusianzie hapo, na wanawake na vijana ndani, wachaguliwe kwa kura? Andikeni hapa chini, nasoma yote.