Kinyanjui wa Gathirimu na Wafuasi Wake: Njia ya Madaraka Kiambu

Kabla ya ukoloni, Wakikuyu wa eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kiambu, hawakuwa na mfalme. Mashauri yalikatwa na kiama, yaani baraza la wazee, na vijana waliwajibika kwa marika yao. Aliyetaka sauti yake isikike alihitaji umri, mifugo, busara na watu wa kumwunga mkono.

Ardhi ndiyo iliyovuta watu hao. Mwenye shamba kubwa aliwakaribisha wasio na ardhi, walioitwa ahoi, wakalima bila kumiliki. Nao walimsaidia kazi, wakasimama upande wake katika ugomvi. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyetoka Murang'a, aliingia Kiambu akiwa mmoja wa wanyonge wa namna hiyo.

Bahati yake iligeuka Waingereza walipojenga ngome ya Fort Smith huko Kabete mwaka 1891. Ngome ililisha misafara ya kwenda Uganda, hivyo ilihitaji chakula, wapagazi na wenyeji wa kuonyesha njia. Waiyaki wa Hinga, kiongozi mwenye heshima katika eneo hilo, aligombana na maofisa wa ngome hiyo Agosti 1892, akakamatwa na kufa Kibwezi akipelekwa pwani. Kinyanjui alichagua kushirikiana na ngome. Aliongoza misafara na kwenda vitani pamoja na Waingereza, nao wakamfanya chifu. Baadaye alipandishwa kuwa chifu mkuu.

Njaa na ndui za miaka ya 1898 hadi 1900 ziliua watu wengi na kuwafukuza wengine makwao. Katika mashaka hayo, mtu mwenye mifugo na urafiki na serikali alikuwa kimbilio. Machifu wa wakati huo walijizungushia njama, kundi la vijana wenye silaha waliokusanya kodi ya vibanda, kutafuta vibarua na kutekeleza amri. Wengi wa vijana hao walijilipa kwa mbuzi na pombe ya wanakijiji, na malalamiko yakaenea.

Wakristo wa Kiambu walikuja kusoma habari inayofanana na hii katika vitabu vya Samweli vya Biblia. Daudi, akimkimbia Sauli, mfalme wa Israeli, alikusanya katika pango la Adulamu watu wapatao 400: wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni. Walipofika 600, alijiweka chini ya Akishi, mfalme wa Gathi, naye akampa mji wa Siklagi. Daudi pia, basi, alipanda ngazi kwa msaada wa wageni na kwa nguvu za watu walionyimwa nafasi kwao.

Tofauti iko katika jinsi ya kugawana mali. Waamaleki walipoteka Siklagi, Daudi aliwafuatia na watu 400, huku 200 waliochoka wakibaki nyuma kwenye kijito cha Besori wakilinda mizigo. Waliorudi na ushindi walitaka kuwanyima wenzao, lakini Daudi aliamuru wote wapate sawa, na amri hiyo ikawa sheria katika Israeli. Sehemu ya nyara aliwapelekea wazee wa Yuda, kabila lake. Baada ya kifo cha Sauli, watu wa Yuda walimtia mafuta awe mfalme huko Hebroni, akatawala hapo miaka 7 na miezi 6 kabla ya kuhamia Yerusalemu. Miaka mingi baadaye, mwanawe Absalomu alipoasi, Itai Mgiti, yaani mtu wa Gathi, na watu wake 600 walikataa kumwacha Daudi, ijapokuwa walikuwa wageni.

Kinyanjui hakutawazwa hivyo na watu wake. Nyadhifa zake zilitoka serikalini, na njama yake iliwabana wale aliopaswa kuwatetea. Mwanasiasa kijana Harry Thuku alipolalamikia kodi, kipande (kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika) na kazi ya lazima mwaka 1921, Kinyanjui alisimama na machifu waliompinga Thuku, huku vijana wengi wakimfuata Thuku. Thuku alikamatwa Machi 1922, na polisi waliwaua kwa risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Kinyanjui alikufa mwaka 1929, tajiri na mwenye wake wengi, lakini uongozi wa kisiasa wa Wakikuyu ulikuwa umekwisha kupita kwa vyama vya vijana.

Wafuasi wenye dhiki wanaweza kumpandisha mtu yeyote. Uhalali wake hutoka kwa wale anaowatawala, na hupatikana kwa kugawana nao kwa haki.