Siku Moja Katika Ngome za Mombasa

Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za siku moja tuliyokwenda kuzitazama ngome za kale za Mombasa. Tulikuwa walimu wanne, marafiki wa miaka mingi, na kila mmoja wetu amekwisha kuzifundisha habari za ngome hizo darasani mara nyingi. Lakini wahenga walisema, kusikia si kuona. Nasi siku hiyo tuliona ukweli wa maneno yao.

Tulivuka kwa feri ya Likoni asubuhi mapema, tukashika njia ya kwenda Mji wa Kale. Ngome kubwa, ambayo Wareno waliiita Ngome ya Yesu, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa bandari ya kale. Ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu kutoka Italia aliyewatumikia Wareno huko India. Miaka minne kabla ya hapo, yaani mwaka 1589, merikebu za Waturuki zilikuwa zimeingia Mombasa, na Wareno wakaona ya kuwa bila ya boma imara hawataweza kuishika pwani hii. Ndipo wakajenga kuta nene, na katika pembe nne wakatokeza buruji, hata mizinga ya buruji moja ipate kuulinda ukuta unaoelekea buruji ya pili.

Juu ya mlango tulikuta jiwe lililochorwa maandishi ya mwaka 1635. Jiwe hilo lamsifu kapiteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, kwa kuitengeneza ngome na kwa adhabu alizowapa watu wa Pate na Siyu na wengineo wa pwani. Mwenzetu mmoja akasema, "Jiwe hili halina haya." Tukacheka, tukaingia ndani.

Mle ndani tulimkumbuka kwanza Yusuf bin Hasan. Huyu alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa, naye akachukuliwa Goa angali mtoto, akalelewa na Wareno, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme. Watawala walidhani wamepata mtu wao. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapiteni, akaitwaa ngome. Wareno walikuja na merikebu zao kumtoa, wasiweze; lakini mwaka 1632 mwenyewe aliiacha akaenda zake baharini. Hivyo ukuta ule mnene haukubomolewa na mzinga. Uliingiwa na mtu aliyefahamiana na wenye nyumba.

Lakini habari iliyotushika zaidi ni ile ya mazingiwa makuu. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman, katika enzi ya Imam Saif bin Sultan, yaliizunguka ngome. Ndani walikuwamo askari Wareno wachache, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokimbilia humo. Mwezi wa Desemba msaada ulifika kwa merikebu, na pamoja na msaada yakazidi maradhi. Watu wakafa, wakafa, hata katikati ya mwaka 1697 karibu askari wote wa Kireno walikuwa wamekwisha. Ulinzi wa ngome ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza. Naye alikuwa na nani? Kumbukumbu zasema alikuwa na watu 17 wa jamaa yake, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Mwalimu wa hesabu alitoa kijitabu chake, akajumlisha: watu 76 pamoja na Bwana Daud. Katika kila watu watatu, wawili walikuwa wanawake. Tulikuwa tumesimama ukutani juu wakati huo, upepo wa bahari ukivuma, nasi tukanyamaza. Sote tulikuwa tukifundisha ya kuwa Wareno waliishika ngome hii kwa miezi 33 mbele ya jeshi la Oman. Kumbe kwa majuma kadhaa ya miezi hiyo, walioishika hasa walikuwa wanawake wa Kiafrika.

Bibi mwalimu, aliye wa nne katika sisi, akauliza, "Na majina yao?"

Hatukuwa na jibu. Vitabu tulivyosoma vilitupa hesabu yao tu. Kapiteni wa mwaka 1635 ana jiwe lake mlangoni. Wale hamsini hatukuwaonea hata jina moja.

Mwenzetu wa tatu hakuridhika. "Ndugu zangu," alisema, "tusiwasifu upesi. Je, walikuwa wakimlindia nani ngome? Si wale wale walioandika jiwe lile?" Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja alisema Bwana Daud aliwasaliti watu wa pwani. Mwingine alijibu ya kuwa siku zile pwani haikuwa nchi moja. Pate ilisimama upande wa Oman, na Faza, jirani yake katika kisiwa kile kile, ilikuwa na uadui naye wa siku nyingi. Basi mtu wa Faza alitafuta rafiki mahali alipoweza kumpata. Bibi mwalimu akatukata kauli: "Bwana Daud alichagua. Wale wanawake, nani aliwauliza? Huenda walikuwa watumwa, huenda walikuwa wakimbizi. Walikuwa na ukuta, na nje ya ukuta palikuwa na vita." Tukaona neno lake lina uzito.

Mwezi wa Septemba 1697 merikebu za Wareno zilifika tena. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka huo huo, na vitu vilivyotolewa humo na wapiga-mbizi kuanzia mwaka 1977 tuliviona katika jumba la makumbusho. Lakini msaada haukudumu. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia, wakawakuta walinzi wachache mno.

Mengi yalipita baadaye: Wamazrui, kisha Sayyid Said mwaka 1837, kisha Waingereza, walioifanya ngome kuwa jela tangu mwaka 1895 hata 1958. Hata neno letu gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Mwaka 2011 ngome iliandikwa katika urithi wa dunia.

Alasiri tulirudi kwa miguu kwa njia ya pwani, tukapita Ras Serani, kwenye mabaki ya ngome ndogo ya Wareno iliyolinda mlango wa bandari. Imebaki mawe machache tu. Tulikaa hapo chini ya mibuyu, tukitazama mahali ambapo tanga la msaada lingeonekana kwanza. Tuliwafikiria wale waliolitazamia kutoka juu ya ukuta, siku baada ya siku.

Kabla ya kupanda feri tulipatana jambo moja. Tangu sasa, kila mmoja wetu atakapofundisha habari za Ngome ya Mombasa, ataandika ubaoni, chini ya jina la fundi na la kapiteni na la Imam, tarakimu hii: 50. Na mtoto akiuliza majina yao, tutamwambia kweli ya kuwa hatukuyapata, kisha tutamwomba ayatafute.