Ada za nakala za kumbukumbu za umma: mwananchi hulipia nini?

Mto Rusizi ulipofurika mwezi Aprili 2020, maji yaliingia katika mitaa ya Gatumba, magharibi mwa jiji la Bujumbura, na maelfu ya kaya zikalazimika kuhama. Baadhi ya wakazi walipelekwa katika kambi za muda, zikiwemo zile za Maramvya. Mwaka uliofuata, kupanda kwa kina cha Ziwa Tanganyika kuliwaondoa wengine tena katika nyumba zao. Katika maafa ya namna hiyo, nyumba, mazao na mifugo huhesabiwa mapema. Hasara ya karatasi hugunduliwa baadaye: siku mtoto anapoandikishwa shule, siku mgonjwa anapofika hospitali, au siku mrithi anapodai kiwanja cha marehemu baba yake.

Aliyepoteza cheti hana budi kuomba nakala katika ofisi ya umma, na nakala hutolewa kwa ada. Makala haya yanaeleza ada hiyo hutozwa kwa misingi gani, sheria za kanda zinasemaje, na mwombaji azingatie nini kabla ya kutoa fedha yake.

Kusajili na kutoa nakala

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kusajili ni kuandika tukio katika daftari la serikali: kuzaliwa, ndoa au kifo. Kutoa nakala ni kunakili yale yaliyokwisha kuandikwa na kumkabidhi mhusika yakiwa na saini na muhuri.

Nchini Burundi, usajili huo huongozwa na Sheria ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993. Mzazi anatakiwa kutangaza kuzaliwa kwa mtoto katika ofisi ya usajili wa raia, ambayo wengi huiita etasivili, ndani ya siku 15. Akifanya hivyo kwa wakati, usajili ni bure. Akichelewa, hatua huongezeka, na gharama huongezeka pamoja nazo.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amesajiliwa bila ya kuwa na karatasi mkononi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 84 ya watoto wa Burundi walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamesajiliwa. Kusajiliwa huko hakumaanishi kwamba kila mmoja wao ana cheti nyumbani, wala kwamba cheti alichonacho kitanusurika na maji au moto.

Karatasi hiyo ina uzito mkubwa. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2005, na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano pamoja na huduma za kujifungua mwaka 2006. Lakini ili mtoto ahesabiwe kuwa na umri unaostahili, umri wenyewe unahitaji ushahidi. Mzazi asiyeweza kulipia nakala anaweza kukosa huduma ambayo sheria inasema ni bure.

Nakala za aina tatu

Si kila mwenye kuomba "cheti" hupewa kitu kimoja. Katika mfumo wa sheria ambao Burundi iliurithi kutoka Ubelgiji, kuna nakala za aina tatu.

Ya kwanza ni nakala kamili, ambayo hurudia maneno yote yaliyomo katika daftari. Ya pili ni dondoo, ambalo hutaja mambo ya msingi tu: majina, tarehe, mahali na wazazi. Ya tatu ni fotokopi ya karatasi ambayo mtu tayari anayo, iliyothibitishwa kwa muhuri kuwa inalingana na ya asili. Aina ya tatu haiwezi kumsaidia aliyepoteza kila kitu, kwa kuwa hana asili ya kuonyesha.

Kuomba aina isiyotakiwa ni njia moja ya kulipa mara mbili. Shule inaweza kutosheka na dondoo, ilhali mahakama inayoshughulikia mirithi ikataka nakala kamili. Ni vyema kuiuliza kwanza taasisi inayohitaji karatasi, kisha ndipo kwenda katika ofisi inayoitoa.

Fedha huenda wapi?

Komini za Burundi zina mapato yao wenyewe, na malipo ya hati za utawala ni sehemu ya mapato hayo. Hapo ndipo penye mvutano. Kwa upande mmoja, karani, karatasi, wino na utunzaji wa madaftari vyote vina gharama. Kwa upande mwingine, ofisi inayotegemea ada ili kujiendesha huwa na sababu ya kudai karatasi nyingi zaidi na kuzipandisha bei, na anayeumia ni yule asiye na mahali pengine pa kwenda.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitoa msimamo wake mwaka 2019, katika Azimio la Misingi ya Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Habari lililopitishwa mjini Banjul, Gambia. Azimio hilo linasema kwamba anayeomba habari kutoka katika ofisi ya umma asilipishwe chochote zaidi ya gharama ya kadiri ya kuitoa nakala.

Nchi jirani zina sheria zenye mwelekeo huo. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakataza kutoza ada kwa kuwasilisha ombi, na inaagiza kwamba malipo ya nakala yasizidi gharama halisi ya kuiandaa na kuifikisha. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 inamwachia mwombaji gharama za kunakili na kutuma tu. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2005 ikisema kwamba ada ilingane na gharama halisi ya kutafuta na kunakili. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2011 ziliweka ada moja ya shilingi 20,000, iwe kinachoombwa ni ukurasa mmoja au faili zima. Mfano wa Uganda unaonyesha kwamba sheria inaweza kusema jambo moja na dirisha la malipo likasema jingine.

Yanayowahusu wakazi wa Gatumba

Gatumba iko kando ya barabara iendayo mpakani, na familia nyingi zina ndugu Uvira, upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa Kongo husajiliwa kwa sheria ya Kongo, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inatoa siku 90 za kutangaza kuzaliwa bila malipo. Ofisi ya upande mmoja haiwezi kutoa nakala ya daftari la upande wa pili.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Vyeti vya zamani vya wakazi wa Gatumba vina jina la komini ya Mutimbuzi, katika mkoa wa Bujumbura vijijini. Anayeomba nakala ataje jina hilo la zamani, kwa kuwa ndilo lililoandikwa katika daftari.

Lugha ni kikwazo kingine. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 inatambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Asomaye Kiswahili pekee humtegemea mtu wa kumsomea fomu, na komisioneri anayesubiri mlangoni hudai ujira wake, ambao si ada ya serikali. Majina pia hupotoka: Juma wa cheti kimoja huwa Djuma katika kingine, na Shabani akawa Chabani. Tofauti ya herufi moja yaweza kumfanya karani asilione jina daftarini, au taasisi ikaikataa nakala iliyokwisha kulipiwa. Kusahihisha daftari ni utaratibu mwingine, wenye gharama zake.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kulipa, mwombaji aulize bei iliyowekwa rasmi na aombe kuonyeshwa mahali ilipoandikwa. Baada ya kulipa, adai stakabadhi yenye kiasi, tarehe na muhuri. Bila ya stakabadhi, ni vigumu kuthibitisha kwamba fedha ilifika serikalini.

Aandike nambari ya daftari na nambari ya tukio, ambazo huonekana juu ya cheti. Mwenye nambari hizo hurahisisha utafutaji wakati mwingine, hata akiwa amepoteza karatasi yenyewe. Picha ya cheti katika simu ya jamaa anayeishi mbali na mto haina nguvu ya sheria, lakini huhifadhi nambari hizo.

Asome nakala kabla ya kuondoka dirishani: majina, tarehe, majina ya wazazi. Kosa la kunakili linalogunduliwa papo hapo hurekebishwa na karani. Likigunduliwa baada ya miezi, mwombaji anaweza kutakiwa kulipa upya.

Waliopoteza vyeti kwa mafuriko wana hoja ya ziada mbele ya utawala: hawakuzembea, na taarifa zao tayari zimo katika madaftari ya serikali. Kwao, ada inayozidi gharama ya karatasi na muhuri ni malipo ya pili kwa maafa yale yale.